Kifo Kisichotiwa Siasa

Iko nchi moja, jina lake tuliache maana limekatazwa kutajwa ovyo, ambayo serikali yake iliwapenda wananchi kupita kiasi. Iliwapenda hata ikaanza kuwapunguzia mizigo. Iliwatua mzigo wa kuchagua, ikaona bado wamechoka, ikawatua mzigo wa kuuliza. Mwisho, kwa huruma iliyowatoa machozi mawaziri wenyewe, ikawatua mzigo wa siasa.

Kuanzia hapo siasa ikawa mali ya serikali, kama pembe za ndovu. Raia akikutwa nayo nyumbani, hata kipande kidogo, sharti aeleze ameipata wapi.

Jambo hili halikuja kwa kishindo, msidhani. Mama mmoja sokoni alisema chumvi imepanda bei, Mkuu wa Wilaya akamwambia kwa upole, "Mama, usitie siasa kwenye chumvi." Watu wakacheka, naye mama akacheka, chumvi ikabaki ilipo. Mwalimu mkuu mmoja akasema wanafunzi wananyeshewa darasani. Akaambiwa asitie siasa kwenye paa, ingawa paa lenyewe la kutiwa hiyo siasa halikuwepo. Mgonjwa akasema amelazwa sakafuni, akaonywa asitie siasa kwenye sakafu. Ikafika mahali watu wakipishana njiani hawaulizani habari za nyumbani, wanatazamana tu kisha kila mmoja anakwenda zake. Ndipo ikaundwa Idara ya Kung'oa Siasa, yenye ofisa mng'oaji kila wilaya, pikipiki, na miwani myeusi ya serikali.

Mwalimu mmoja wa lugha alisimama mkutanoni akauliza, kwa nia njema kabisa, "Samahani mheshimiwa, kutia siasa maana yake hasa ni nini?" Mkurugenzi wa Idara alilisifu swali lile. Alisema ni swali zuri sana, akamwomba mwalimu abaki kidogo mkutano ukiisha. Muhula ule shuleni kwake Kiswahili hakikufundishwa.

Lakini watu walikwishajipatia maana yao wenyewe, wakiambizana jikoni, sufuria zikichemka ili mlio uwafunike. Kutia siasa ni kusema jambo wanalolijua wote, mbele ya wote wanaolijua.

*

Sasa njooni mtaa wa Makopa, kwa Nyamizi binti Kasanda.

Riziki ya Nyamizi ilikuwa maandazi, na fahari yake ilikuwa kutaja. Maana katika nchi ile maiti hafukiwi hivi hivi. Akishateremshwa, mtaja wa mtaa anasimama upande wa kichwani, anatamka jina la marehemu na la baba yake, kisha anatamka kilichomuua. Kama ni homa, anasema homa. Kama ni uzee, anasema uzee. Kama ni mume wake kwa mchi, mtaja anasema mchi, na mume yupo pale pale anasikia. Wote waliohudhuria wanaitika kwa pamoja, "Tumesikia!" Hapo ndipo udongo unaanza kurudi shimoni. Mtaja akisema uongo watu hawaitiki, na wasipoitika hakuna mkono utakaogusa jembe, maana kumfukia mtu ambaye kifo chake hakikusikiwa ni sawa na kumfukia angali anaongea.

Nyamizi alikuwa na sauti, jamani! Akitaja Makopa, wa ng'ambo ya mto walikuwa wanaacha kuosha vyombo. Na alijijua. Alifanya mazoezi bafuni, alikuwa na gauni la kutajia lililopigwa pasi na kutundikwa peke yake, na msiba ukiisha hakuona haya kuwauliza wafiwa, "Mlinisikia nilivyoishusha sauti pale mwishoni?" Lile "Tumesikia" likimrudia kutoka vifuani mwa watu, alikuwa anasisimka mpaka vidoleni. Kwa miaka yote ya utajaji wake hakuwahi kulikosa.

Mtaja wa mtaa jirani, Bwana Ngwilizi, aliwahi kumtaja mzazi mmoja akasema ameuawa na kukosa damu hospitalini. Watu wakaitika. Jioni ile ile pikipiki zilikwenda kwake. Mkewe alipofuata habari zake kituoni, alijibiwa kwa adabu kuwa mumewe hayupo, kwa sababu zake binafsi.

*

Daraja la Shukrani lilianguka asubuhi ya Jumatatu, watu wakienda kazini.

Lilikuwa halijatimiza hata mwaka. Waziri wa Utulivu mwenyewe alikuwa amelizindua, akakata utepe, akalisifu kwa hotuba iliyochukua muda mrefu kuliko muda uliotumika kulijenga. Lilipovunjika, kila aliyekuja kutazama aliona kilichokuwemo ndani ya zege. Mianzi. Mahali pa nondo ilikuwa imepangwa mianzi, mingine bado mibichi, na mmoja ulikuwa umeanza kuchipua majani. Watu waliutazama ule mche wa kijani uliotoka kwenye nguzo ya serikali, wakafumba midomo, wakaanza kuopoa.

Redio ya Taifa ilitangaza kwamba Daraja la Shukrani limeshuka ili liwe karibu zaidi na wananchi.

Miongoni mwa waliopatikana alikuwa Lugendo Kasanda, fundi baiskeli, mdogo wake Nyamizi wa tumbo moja. Nyamizi ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Mkewe, Chausiku, hakulia mbele za watu. Alikaa mkekani na kanga yake kichwani, na wifi yake alipoinama kumkumbatia, alimshika kifundo cha mkono kwa nguvu.

"Wifi, utamtaja wewe."

"Nitamtaja mimi. Kwani nani mwingine?"

"Utamtaja ilivyo. Sitaki Lugendo wangu afukiwe kwa maneno ya redio."

"Chausiku, mimi ndiye Nyamizi," akasema Nyamizi, na wakati ule alikuwa anamaanisha.

*

Ofisa Mng'oaji wa Wilaya, Bwana Edigar Mtulila, alifika msibani na mkate wa rambirambi kwapani. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, na alivua miwani alipoingia. Alitoa pole kwa kila mtu. Kisha akamwomba Nyamizi wakae pembeni, penye kivuli cha ukuta, Chausiku akawafuata bila kuitwa.

"Mama mtaja," alianza, "Idara imekuja kukusaidia. Msiba ni mzigo, na tusingependa kwa bahati mbaya tu ukaingia na siasa. Umepanga kusema nini?"

"Kwamba ndugu yangu ameuawa na daraja."

Bwana Mtulila alifumba macho kama mtu aliyeonja mchuzi uliozidi chumvi. "Daraja lina siasa, mama. Lina siasa nyingi mno."

"Basi niseme mto."

"Kwenye mto watu wataanza kujiuliza alifikaje huko."

"Maji?"

"Maji, mama? Na mabomba yalivyokauka mjini humu? Hiyo ni siasa tupu."

"Niseme basi ameanguka."

Ofisa alitazama nyuma yake haraka. "Tafadhali," alinong'ona. "Neno kuanguka usilitamke hata ukiwa peke yako. Anayeanguka ni nani? Ataanguka lini? Unaona linavyojaa siasa lenyewe, hata bila kutiwa?"

"Alikuwa anakwenda kazini," alisema Chausiku, kwa mara ya kwanza. "Semeni alikufa akienda kazini."

"Kazi, dada yangu, zipo? Hata hilo 'alikufa' linanipa shida kidogo. Lina lawama ndani yake. Mtu akisikia fulani amekufa, kitu cha kwanza anauliza nini kimemuua."

"Sasa tusemeje?" Nyamizi aliuliza.

Bwana Mtulila alijikohoza. Akaitamka taratibu, kwa fahari ya fundi anayekabidhi kabati: "Lugendo Kasanda hayupo, kwa sababu zake binafsi."

Chausiku alimtazama yule ofisa kuanzia viatu mpaka kipara.

"Nimemwosha kwa mikono yangu," alisema. "Kichwani ana tundu la mwanzi. Unasema hayupo?"

"Dada, hayo ni machungu, na serikali inayaheshimu machungu. Ila usiyatie siasa." Akamgeukia Nyamizi, akavaa miwani. "Mama mtaja, una binti anasoma ualimu, sivyo? Mtoto mzuri. Tungependa amalize."

*

Hii ndiyo aibu ya Nyamizi, na yeye mwenyewe hakuwahi kuificha. Alisimama kichwani mwa kaburi, gauni lake limenyooka, Makopa yote imejaa makaburini mpaka nje ya uzio, Bwana Mtulila yuko pembeni na vijana wake wa pikipiki. Akavuta pumzi. Akasema, kwa sauti ile ile iliyokuwa inasimamisha vyombo ng'ambo ya mto, kwamba Lugendo mwana wa Kasanda hayupo, kwa sababu zake binafsi.

Akangoja.

Hakuna aliyeitika. Watu hawakukohoa wala kuguna. Walikuwa wanamtazama tu, na wengine wala hawakumtazama, walitazama viatu vyao kwa kumwonea haya. Nyamizi hajawahi kukosa jibu maishani mwake, na sasa amelikosa kwa mdogo wake.

"Itikeni!" alisema Bwana Mtulila.

Wapi. Wenye majembe waliyaweka chini, wakarudi nyuma.

"Kunyamaza namna hii kunaanza kunuka siasa," alionya. Akawaamuru vijana wake wafukie wenyewe. Lakini nao walizaliwa nchi ile ile na mama zao walitajwa. Mmoja akasema mgongo unamsumbua tangu juzi. Mwingine akasema ana ahadi na daktari. Wa tatu alilishika jembe, akalitazama, akalirudisha palepale taratibu kama mtu aliyeshika kitu cha wenyewe.

Kaburi likafunikwa turubai, likaachwa bila kufukiwa, na Chausiku akakaa kando yake. Watu walipomletea uji, alikunywa. Nyamizi alipomletea uji, aliumwaga.

*

Sasa sikieni busara ya serikali. Habari zilipofika makao makuu ya Idara, wataalamu walikutana, wakajadili ni kwa nini wananchi watiifu, wanaoipenda serikali yao, wameshindwa kuitikia sentensi iliyoidhinishwa. Kwamba waliiona ni uongo halikumjia mtu kichwani. Na kama lilimjia, alilifukuza haraka kabla jirani yake hajaliona usoni. Mwisho mtaalamu mmoja aliyesomea ng'ambo akapiga meza.

"Hawakusikia!" alisema. "Ni tatizo la vipaza sauti."

Wakubwa wakafurahi sana. Tatizo la ufundi halina siasa. Ikaamriwa ufanyike Utajaji wa Marudio, tena wa kitaifa, ili uwe mfano kwa mitaa yote inayotarajia kupata marehemu. Vikaletwa vipaza sauti virefu kama milango, vikafungwa juu ya miti, juu ya paa la soko, juu ya mnara wa kituo cha polisi na kando ya kambi ya jeshi. Redio ya Taifa ikaagizwa irushe moja kwa moja, nchi nzima, na kila mwenye redio akaamriwa aiwashe. Waziri wa Utulivu angekuja mwenyewe.

Nyamizi alipelekewa gauni jipya. Bwana Mtulila alimletea kwa mikono yake.

"Ukitaja vizuri," alimwambia, "utakuwa Mtaja wa Taifa. Nyumba, gari, dereva."

"Na wasipoitika?"

Ofisa alionekana hajalala vizuri, na mashati yake yalikuwa yameanza kumpwaya. "Wataitika, mama," alisema. "Wataitika, la sivyo mimi na wewe wote hatutakuwepo."

Asubuhi ya siku yenyewe Nyamizi alipita kwa wifi yake pale kaburini. Mawingu yalikuwa yameshuka chini, mvua iko karibu, na Chausiku alikuwa anaweka mawe kwenye pembe za turubai. Hakugeuka.

"Ikinyesha maji yataingia," alisema, kama anayezungumza na mawe. "Aliopolewa majini, na majini atarudi."

"Chausiku, nina mtoto."

"Na yeye alikuwa na mke."



*

Waziri alihutubia kwanza. Alieleza kwamba kifo ni huduma ya jamii, na kwamba wako watu wachache, wanaotumwa, ambao hata wakifa hawaachi kutia siasa. Akawasihi marehemu wote wa nchi ile, waliopo na wajao, wawe wazalendo. Askari walikuwa wamezunguka makaburi yote, bunduki mbele. Nje ya uzio malori yalikuwa yamepangwa, maturubai yamefungwa kabisa, na hakuna aliyetaka kujua yamekuja kubeba nini.

"Karibu, mama mtaja," alisema Waziri.

Nyamizi akasimama mbele ya kipaza sauti. Nawaambieni kweli, na nawaomba msimfanye shujaa, maana mwenyewe angecheka: alisimama pale akiwa amekusudia kabisa kuisema ile sentensi ya serikali. Alikuwa ameirudia bafuni usiku kucha. Mbele yake aliiona Makopa, nyuso zile zile, midomo ile ile imefungwa, na kabla hajafungua kinywa akausikia ule ukimya unakuja tena. Akausikia masikioni, mkubwa kuliko vipaza sauti vyote. Na Nyamizi binti Kasanda aliyaweza mengi, ila lile hakuliweza mara ya pili. Aliwaza binti yake. Akamwaza Lugendo akiwa mdogo, anaendesha ringi ya baiskeli uwanjani kwa kijiti, anajipigia honi mwenyewe kwa mdomo.

"Lugendo mwana wa Kasanda," alisema, na sauti ikatoka kwenye miti, sokoni, kituoni, kambini, na katika kila redio iliyoamriwa kuwashwa, "ndugu yangu wa tumbo moja, ameuawa na Daraja la Shukrani, lililojengwa kwa mianzi!"

"Tumesikia!"

Sauti ilitoka makaburini kwanza. Haikuwa imekwisha, ikaitika sokoni, ambako wauza nyanya walisimama na mizani mikononi. Ikaitika ng'ambo ya mto. Ikaitika kambini, nyuma ya ukuta, kwa sauti nzito za wanaume. Inasemekana iliitika mikoani pia, kwenye saluni na vijiwe vya kahawa na ofisi za serikali, maana mtu akisikia kutajwa kinywa hakimuulizi ruhusa. Askari waliozunguka makaburi waliitika, kisha wakatazamana. Bwana Mtulila naye alijisikia anaitika. Aliweka kiganja mdomoni, lakini neno lilikuwa limekwishatoka.

Waziri alikishika kipaza sauti. "Jamani! Jamani, msitie..." Umeme ukakatwa, na redioni ikaanza kupigwa ngoma.

Watu hawakukimbia. Waliyaendea majembe. Waliokosa jembe walitumia masufuria, vifuniko, mikono. Turubai likaondolewa na udongo ukaanza kurudi shimoni, haraka haraka, bila maneno, bila mtu kutazama nyuma, ambako maturubai ya malori yalikuwa yanafunguliwa na filimbi zinapigwa. Wakuu wa askari walikuwa wanapaza amri. Askari walikuwa wanatii, ila polepole.

Wawili walikuja wakamshika Nyamizi, mmoja huku na mmoja huku. Alipofika karibu na kaburi alipunguza mwendo, nao wakapunguza, mpaka alipoona tuta limeinuka. Chausiku alinyanyuka pale alipokuwa amepiga magoti, mikono imejaa udongo mpaka viwikoni.

"Wifi!" aliita, na sasa ndipo alipolia. "Wifi yangu, na wewe atakutaja nani?"

Walimpeleka Nyamizi. Karibu na lori, askari aliyemshika mkono wa kushoto, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, aliinamisha kichwa kidogo, macho yake akayaacha mbele.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "jina la baba yako ni Kasanda nani?"

Nyamizi alimtazama kwa pembe ya jicho, asijue anaulizwa na nani, serikali au mtu. Akamtajia jina lake, la baba yake na la babu yake, moja moja, na akayarudia mpaka alipoona midomo ya yule askari inayatamka.